Kwa Mulongo, Kabla Hatujapigwa Picha Nyingine

Mulongo wangu, pacha wangu uliye Lumakanda,

Wiki hii nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu umesema "Eeh, eeh, sawa," ukakata, nami najua hukusikia hata neno moja. Binti yako Nekesa ameniambia sikio lako la kulia nalo limeanza kuzima. La kushoto lilizima tukiwa na miaka kumi. Neno ninalotaka kukuambia si la kupigiwa kelele kwenye simu, na limenikaa kooni tangu ile miaka kumi, kwa hivyo naliandika. Naliandika wazi, wanao wasome na wangu wasome, maana uongo huu haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa wa nyumba nzima.

Nekesa anataka kutupiga picha mwezi ujao. Amenitumia kitambaa hapa Kakamega nimpelekee fundi atushonee nguo za sare, amenipangia hata mtindo wa nywele. Anasema tutakaa kwenye kiti kimoja, mapacha wawili wazee, tucheke. Nilikishika kile kitambaa nikakirudisha kwenye mfuko wake. Sivai sare na wewe kabla hujajua nilichokufanyia siku ya picha ile nyingine.

Unaikumbuka ile asubuhi, lakini unaikumbuka kwa upande wako tu. Nikupe na wangu.

Ilikuwa miaka ile ya miwa. Kwetu kule karibu na Matete watu walikuwa wamepanda miwa mpaka kwenye mlango wa choo, na Baba naye alikuwa amepanda mpaka nyuma ya jikoni, hatua kumi kutoka kwenye mafiga ya Mama. Nyumba ilikuwa mpya, ya mabati, na sebule yake haikuwa na kitu ukutani. Baba alitaka picha ya familia nzima, kubwa, yenye fremu, mtu akiingia tu aione. Mpiga picha angekuja na pikipiki kutoka Kakamega Jumamosi, na tangu Jumatatu Mama alikuwa akitutengeneza kama watu wanaokwenda kupimwa.

Mungu amrehemu Mama, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Alitukalisha kwenye karai moja akatusugua visigino kwa gunzi la mahindi mpaka maji yakawa na rangi ya waridi. Alipochana nywele zako ulilia, akakupiga kwa mgongo wa kitana. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimenyamaza, akanipiga mara moja vilevile, bila hasira, kama mtu anayegawa chakula.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na watakaosoma barua hii nje ya ukoo wetu waijue. Kwetu pacha mmoja hapewi kitu bila mwenzake. Ukipewa yai, na mimi napewa yai. Ulipougua minyoo ukapewa dawa, mimi niliyekuwa mzima nikabanwa pua nikainywa. Aliyelinda sheria hiyo alikuwa Kukhu, mama yake Baba, ambaye aliamini kwamba pacha akionewa anaweza kukasirika akarudi alikotoka. Na kwa Kukhu fimbo ilikuwa kitu kama yai. Nikiiba sukari, tunachapwa wote. Ukivunja chungu, tunachapwa wote, viboko sawasawa, na yeye ameketi pale anahesabu kwa sauti. Tulizoea. Tulikuwa tumejiwekea hata utaratibu wetu: yeyote aliyeshikwa kwanza ataanza, mwingine anasubiri zamu yake, na hakuna haja ya kubishana nani alifanya.

Huo utaratibu ndio uliokuponza.

Jumamosi ile Mama alikuwa ameamka na jazba. Alimchinja ingokho yule mwekundu wa Kukhu, jogoo aliyekuwa akitukimbiza, na kisu hakikuwa kikali, kwa hivyo alikata mara mbili, ya tatu akakivuta kichwa kwa mkono. Ulisimama ukatazama mpaka mabawa yakatulia. Mimi nilifunika macho. Hata hapo tulikuwa hatufanani, ila hakuna aliyegundua.

Baba alikuwa amevaa suti yake tangu saa mbili asubuhi na alikwenda barabarani kumngojea mpiga picha. Mama akapiga pasi magauni yetu meupe, ile pasi ya makaa yenye kichwa cha jogoo. Alimaliza lako. Makaa yakaanza kufa kabla hajaligusa langu. Akaniita mimi, Mukhwana, akanipa pasi.

"Peleka nje uipungie upepo," akasema. "Na usikaribie majani, nitakutoa roho."

Ni mimi niliyepewa. Ni mimi niliyekaribia majani. Nilikwenda nyuma ya jikoni kwa sababu huko kulikuwa na upepo, na nikaanza kuizungusha pasi, kwanza polepole, halafu kwa mzunguko mzima wa mkono, juu na chini, vile tulivyokuwa tukizungusha ndoo ya maji isimwagike. Wewe ulikuwa umenifuata ukiwa na petikoti tu. Uliniambia, "Wacha, itafunguka." Ikafunguka. Makaa yakaruka, mengine yakakupita karibu na goti, mengine yakaangukia majani makavu chini ya miwa.

Moto wa miwa haungoji mtu aite. Tulisikia kitu kikivuta pumzi, halafu ukuta wote wa nyuma ya jikoni ukawa mwekundu. Panya walitoka mbio wakiwa wameshika moto na wakawasha upande wa pili. Majirani wakaja na matawi, wanaume wakafyeka njia kwa mapanga katikati ya shamba ili moto ukose pa kupita, wakirushiana matusi, na jirani yetu mmoja akakatwa mkononi na panga la ndugu yake kwa sababu ya moshi. Masizi yalitujia kama mvua nyeusi. Nusu ya shamba ikaungua, miwa ambayo ilikuwa bado haijafikisha umri wa kukatwa. Nusu ikapona.

Mimi nilikuwa nimeiangusha pasi nikarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Wewe uliiokota. Nilikuuliza baadaye kwa nini uliiokota, ukasema, "Ilikuwa ya Mama." Kwa hivyo Baba alipofika mbio na suti yake, mpiga picha nyuma yake akisukuma pikipiki, alikuta binti mmoja amesimama mbele ya moto na pasi mkononi.

Jirani mwanamke akapiga kelele, "Ni Mukhwana! Niliona akizungusha!"

Baba hakuwahi kujua kututofautisha. Alikuwa akitazama nani ameitika. Akauliza, "Wewe ndiye Mukhwana?" Nawe ukamtazama, Mulongo, pasi mkononi, na hukusema kitu. Nami nilikuwa hatua sita kutoka hapo. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, nilikuwa na sauti ambayo kila mtu alinisifia kanisani.

Alichukua muwa. Sio kiboko, sio fimbo, muwa mzima ulioungua nusu, mzito, wenye vifundo. Pigo la kwanza lilikupata begani ukapiga magoti. La pili mgongoni. Halafu akapoteza hesabu, na Baba akishapoteza hesabu hakuwa mtu. Mama akaushika mkono wake akasukumwa juu ya mafiga, chungu cha ingokho kikapinduka, mchuzi ukamuunguza mguu. Ulinyanyua kichwa kumtazama Mama. Pigo lililofuata likakupata upande wa kushoto wa kichwa, na muwa ukavunjika.

Nilisikia ule mlio. Nimeusikia katika kila darasa nililofundisha, kila mtoto alipovunja rula. Hukulia. Uliweka kiganja kwenye sikio, ukakitazama, kilikuwa na damu, ukakifuta kwenye petikoti kwa uangalifu, kama mtu anayejali usafi.

Mpiga picha akasema, "Mzee, jua linapotea kwa huu moshi. Tunapiga ama hatupigi?"

Ndipo Kukhu alipoinuka kwenye kiti chake. Nilidhani atamlaani mwanawe. Akasema, "Umechapa mmoja. Mwingine yuko wapi?"

"Mwingine hakufanya kitu," Mama akalia kutoka chini.

"Sijauliza nani alifanya. Ni mapacha hawa. Unataka huyu achukie aende? Leta mwingine apate yake, iwe sawa, halafu mpigwe hiyo picha yenu."

Wakageuka wote kunitazama. Baba alikuwa akihema, akaokota mti mwingine. Na wewe, ukiwa umepiga magoti, ulinitazama ukasogea kidogo kando, ukanipisha nafasi. Ulinipisha kama tulivyokuwa tukipishana kwenye benchi. Zamu yangu ilikuwa imefika, na ulikuwa umeniwekea mahali.

Nikakimbia.

Nilizunguka jikoni nikaingia kwenye ile nusu ya miwa iliyopona. Unajua majani ya muwa yalivyo. Wakataji hujifunga magunia mikononi. Mimi nilikuwa na petikoti lisilo na mikono. Yalinichana mikono, mapaja, shingo, na sikusimama. Nililala kifudifudi katikati ya shamba na nikasikia Baba akiingia nyuma yangu, akipiga miwa kwa ule mti kushoto na kulia, "Mukhwana! Wewe! Mulongo! Yeyote!" Alipita karibu nikaona kiatu chake cha picha. Nilikojoa pale pale. Halafu mpiga picha akaita tena, na Baba akarudi.

Ile picha unayo wewe. Mimi sijawahi kuikubali nyumbani kwangu. Baba amesimama, suti ina masizi begani. Mama amefunikwa mguu kwa kanga. Mdogo wetu yuko mapajani mwake, ametoa macho. Kukhu hayupo, alikataa kukaa mbele ya kamera inayopiga pacha nusu, lakini kabla ya kuondoka alichukua gauni langu, lile ambalo halikupigwa pasi, akakuwekea mapajani ulishike, ili nami niwe nimo. Wewe umefungwa kitambaa kichwani mpaka chini ya sikio, umekaa wima, na unashika gauni langu kwa mikono miwili. Mpiga picha alikuambia utabasamu. Ukatabasamu, wewe.

Walipomaliza, Baba akavua koti akaenda kutafuta wakataji na trekta, maana miwa ikishaungua haina subira, inabidi iende kiwandani upesi au iharibike. Hasira yake yote ikahamia huko. Alirudi Jumatatu, amechoka, mweusi kwa masizi, akanipita mlangoni bila kuuliza mimi ni nani kati yetu.

Sasa nifike pale ambapo wewe hupajui.

Mama ndiye aliyenitoa kwenye miwa, alasiri hiyohiyo, akichechemea. Alinifuta damu kwa ncha ya kanga. Nilidhani atanipiga, na naapa nilitaka anipige, nilikuwa nimeutayarisha mgongo. Aliniangalia ile mikono iliyochanika akasema, "Ukiulizwa na mtu yeyote, hata Kukhu, hata mwenzako, mimi nimekuchapa. Nyuma ya choo. Umesikia? Leo hakuna mtoto wangu mwingine atapigwa."

Alisema kwa huruma. Alikuwa amebaki na kitu kimoja tu cha kuokoa siku ile, na kitu hicho kilikuwa mimi.

Nilipoingia ndani ulikuwa umelala kwa ubavu, sikio juu, likitoa maji. Uliziona alama zangu ukajivuta ukaketi. Ulizigusa moja moja. "Mayi wee," ukasema. "Baba alikuchapa na nini?"

Hata sikukuambia ni Mama, kama nilivyofundishwa; nilikuacha uamini ni Baba, nikasema, "Mjeledi."

"Kwa sababu ulikimbia?"

"Eeh."

"Wewe ulipata mingi kuniliko," ukasema, na ukanipa nyama yako. Ulinipa paja lako la kuku, kipande kilichookolewa mchangani, kikiwa bado na jivu. Nami nikakila. Naona aibu ya mambo mengi maishani mwangu, lakini hakuna kama kile kipande cha nyama. Nilikitafuna mbele yako mpaka kwenye mfupa.

Nilitaka kukuambia wiki ile. Halafu sikio likaanza kunuka, ukapelekwa hospitalini, na daktari akasema ngoma ya ndani imepasuka, nikaogopa. Halafu mwalimu akakuhamisha dawati la mbele, na bado ukawa husikii imla, ukawa wa mwisho, na mimi niliyekuwa nikikaa nyuma na masikio mawili nikawa wa pili. Mtihani ulipokuja mimi nilikwenda sekondari. Kukhu alikuwa ameshafariki, na hakuna mwingine aliyesema pacha mmoja asipewe kitu bila mwenzake. Wewe ulibaki kupalilia miwa, ukaolewa huko Lumakanda ukiwa na miaka kumi na minane, na siku ya harusi yako nililia mpaka watu wakasema, tazama mapacha wanavyopendana. Nilikuwa nalia kwa sababu mume wako alikuwa amesimama upande wa kushoto akikunong'oneza na hukuwa unamsikia, na ulikuwa ukitikisa kichwa tu.

Nikawa mwalimu. Na nilipiga, Mulongo. Nikuambie na hilo. Miaka ile tulipokuwa tunaruhusiwa, niliogopwa shule nzima. Nilikuwa nikilichapa darasa zima kwa kosa la mmoja, na nilijisifu kwamba sibagui. Mpaka siku moja msichana mdogo akanyoosha mkono wake kabla sijamwita, akafumba macho, tayari, na rafiki yake aliyefanya kosa akawa anatazama dirishani. Niliivunja ile fimbo nikatoka nje nikatapika kwenye bustani ya maua ya mwalimu mkuu. Hawakuelewa. Walidhani nina mimba.

Bado ningenyamaza. Mama alikufa na siri, na mimi nilikuwa najiandaa kufa nayo vilevile. Lakini tulimzika Baba mwaka jana, na kwenye mazishi ukaomba kipaza sauti. Uliongea kwa sauti kubwa kama unavyoongeanga siku hizi. Nakumbuka kila neno.

"Baba yetu alikuwa mkali sana," ulisema. "Mimi sikio langu ni yeye. Lakini nilimsamehe zamani, na nitawaambia sababu. Hakubagua. Alichonipa mimi alimpa na Mukhwana. Mukhwana alitandikwa kuniliko, siku hiyo hiyo. Mzazi kama hiyo huwezi kumchukia. Alikuwa na haki."

Watu wakapiga makofi. Wanao wakakutazama kwa fahari. Ulinitafuta kwa macho pale kwenye hema, ukaniinulia kidole gumba, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikapiga makofi pia.

Miezi yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nina ruhusa ya kukunyang'anya msamaha wako. Umeujenga juu ya viboko ambavyo sikupigwa. Umekaa ndani yake miaka yote, umelea wanao bila kuinua mkono, umemuuguza Baba yule mzee kwa miezi minne ukimlisha uji kwa kijiko, ukimfuta kidevu, na mimi nikija Jumapili na matunda. Ulimuuguza kwa sababu ulidhani tuko wawili tulioumizwa. Nikikuambia, labda utamchukia maiti. Nisipokuambia, utakaa kwenye kiti kimoja na mimi mwezi ujao, utanishika bega, na Nekesa atasema chekeni.

Siwezi. Hasira niliyo nayo ni kubwa kuliko woga wangu sasa. Namchukia Baba kwa ajili yako, maana wewe ulizuiwa kumchukia, na aliyekuzuia ni mimi. Baba hakuwa na haki. Alikuwa na mti mkononi, akachoka kabla hajanifikia, basi. Mjeledi haukuwepo. Zile alama ulizozigusa zilikuwa za majani ya muwa. Mama hakunipiga. Hakuna aliyenipiga siku ile, wala kesho yake. Moto niliuwasha mimi, nawe ulipigwa peke yako, na ulipokuwa unanipisha nafasi pembeni yako niliiona vizuri, nikaikimbia.

Nekesa ndiye atakayekusomea, kwa sikio la kulia, na nimemwambia asiruke hata mstari. Akimaliza, usiseme lolote kwanza. Kaa nalo. Mlaani Baba ukitaka, hata kwa sauti, hata kaburini kwake, nitakupeleka mwenyewe. Nilaani mimi. Ukisema hutaki picha, kitambaa nitakirudisha. Na ukija ukaniinulia mkono, Mulongo, mbele ya wanao na wangu, mbele ya kamera, inua. Safari hii nitabaki pale nilipo.

Aliyetoka tumboni mbele yako,
Pacha wako, Mukhwana